Bomba la pili la mafuta kwenda Ndola na sera yetu ya tabianchi: tujadili kabla mtaro haujachimbwa

Mwanzisha uzi (Igurusi, Mbarali)

Wanajukwaa, salaam.

Jikoni kwa mama yangu kuna pete ya chuma yenye upana unaokaribia shubiri moja na nusu, ambayo tangu nikiwa mtoto imekuwa ikikalishiwa chungu cha maji. Ni kipande kilichokatwa kwenye bomba la mafuta la TAZAMA, lile linalotoka Dar es Salaam hadi Ndola nchini Zambia, wakati lilipokuwa likilazwa ardhini. Marehemu baba alikuwa kibarua wa kuchimba mtaro chini ya wasimamizi wa Kiitaliano, akiwa bado hajaoa, na kipande hicho alikiokota pale wachomeleaji walipokuwa wakisawazisha ncha za mabomba. Vyungu vimevunjika vingi juu yake, nyumba imeezekwa upya mara mbili, mzee mwenyewe ametangulia mbele za haki, lakini pete iko palepale, na ukiigonga kwa mwiko inalia kama siku iliyookotwa.

Ninaitaja kwa sababu kuna mjadala unaoendelea juu ya vichwa vyetu sisi wa Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe, nao unajadiliwa kana kwamba bomba la mafuta ni jambo la bajeti ya mwaka mmoja. Serikali za Tanzania na Zambia zimekuwa zikizungumzia kujenga bomba la pili la mafuta yaliyosafishwa kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, sambamba na lile la zamani. Wakati huohuo nchi yetu imeiahidi dunia, katika andiko lake la mwaka 2021 chini ya Mkataba wa Paris, kwamba ifikapo 2030 itakuwa imepunguza gesijoto kwa asilimia 30 hadi 35 kulinganisha na hali ambayo ingekuwapo bila hatua zozote. Mambo haya mawili yanashughulikiwa na ofisi mbili tofauti: bomba liko Wizara ya Nishati, tabianchi iko Ofisi ya Makamu wa Rais. Kila upande una wataalamu wake na vikao vyake, na mimi sijawahi kuona karatasi moja inayoeleza jinsi uamuzi wa upande mmoja unavyobadilisha hesabu za upande wa pili.

Kumbukeni bomba la kwanza lilivyozaliwa. Novemba 1965 utawala wa Ian Smith ulijitangazia uhuru kule Rhodesia, vikwazo vikafuata, na Zambia, ambayo mafuta yake yalikuwa yakipitia huko kusini, ikajikuta haina njia. Kwa miaka kadhaa mafuta yalipita hapa kwetu ndani ya mapipa juu ya malori, kwenye barabara ya vumbi ambayo madereva waliiita Njia ya Jehanamu. Mwaka 1968 bomba la kilomita 1,710 likaanza kusukuma mafuta hadi Ndola, Zambia ikiwa na theluthi mbili ya hisa na Tanzania theluthi moja. Ulikuwa uamuzi wa ukombozi, na ninaona fahari kwamba baba alishika sururu katika kazi ile. Hata hivyo tazameni urefu wa maisha yake. Walioamua kulijenga hawakuwa wamewahi kuulizwa lolote kuhusu tabianchi; mkutano wa Rio ulikuja mwaka 1992, Kyoto 1997, Paris 2015, na bomba likaendelea kusukuma chini ya kila mmoja wa mikataba hiyo. Mwaka 2023 lilibadilishwa, likaacha kubeba mafuta ghafi ya Indeni, kiwanda cha kusafisha mafuta kule Ndola, na kuanza kubeba dizeli, hivyo badala ya kustaafu likapata ujana mpya.

Kwa maoni yangu, anayeamua bomba leo anaamua sera ya tabianchi ya mwaka 2080, apende asipende. Sera hupitiwa kila baada ya miaka mitano, waziri hubadilishwa, andiko huandikwa upya, lakini chuma kilichofukiwa ardhini hudai mafuta ya kupitisha kila siku hadi kirudishe fedha zilizokijenga, na kikisharudisha huendelea kwa sababu sasa ni cha bure. Sisemi bomba lisijengwe. Ninasema masharti yoyote ya tabianchi ambayo hayakuchomelewa kwenye bomba lenyewe, yaani ndani ya mkataba wake, kibali chake na nauli yake ya kila lita, yatadondoka njiani.

Wako walioijaribu njia nyingine, nayo inafaa kuangaliwa kwa makini. Kanada mwaka 2016 ilifanya mapatano ya kisiasa ambayo kwa juu yalionekana ya busara. Serikali ya Justin Trudeau iliidhinisha upanuzi wa bomba la Trans Mountain, linalotoka Edmonton katika jimbo la Alberta hadi Burnaby kwenye pwani ya British Columbia, kilomita 1,150 hivi, na kwa upande wa pili Alberta chini ya Rachel Notley ikawa na mpango wake wa tabianchi, wenye tozo ya kaboni na ukomo wa tani milioni 100 za gesijoto kwa mwaka kutoka kwenye mchanga wa mafuta, yaani mchanga unaochimbwa ili kukamuliwa mafuta. Waziri mkuu alisema wazi kwamba bila mpango ule wa Alberta asingeliidhinisha bomba.

Mwaka 2017 British Columbia ikapata serikali iliyolipinga bomba kwa kila njia ya kisheria. Mwaka 2018 Kinder Morgan, kampuni iliyokuwa ikilimiliki bomba, ikachoka, serikali kuu ikalinunua bomba kwa dola za Kanada bilioni 4.5. Tarehe 30 Agosti mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ya Shirikisho ikafuta idhini, kwa sababu wenyeji wa asili hawakushauriwa ipasavyo na athari za meli za mafuta baharini hazikupimwa. Siku ileile Notley akaiondoa Alberta kwenye mpango wa taifa wa tabianchi. Mwaka uliofuata Alberta ikapata serikali mpya, nayo ikafuta tozo ya kaboni ya jimbo. Tarehe 17 Juni 2019 Bunge la Kanada lilipitisha azimio kwamba nchi iko katika dharura ya tabianchi, na kesho yake, tarehe 18, baraza la mawaziri likaliidhinisha bomba kwa mara ya pili. Mei 2024 bomba lililopanuliwa lilianza kazi, uwezo wake ukipanda kutoka mapipa 300,000 hadi 890,000 kwa siku, kwa gharama iliyofika dola za Kanada bilioni 34 hivi. Aprili 2025 tozo ya kaboni kwa mwananchi wa kawaida ikaondolewa.

Mapatano yalikuwa na pande mbili. Upande wa chuma umekamilika na unafanya kazi. Upande wa karatasi umeondolewa kipande kwa kipande, na kila kipande kiliondolewa na kiongozi aliyekuwa na sababu zake za uchaguzi. Hilo ndilo ninaloliogopa kwetu, na ndiyo maana nimefungua uzi huu sasa, kabla ya mtaro.

Niongeze jambo moja la hesabu, kwa kuwa linapotosha watu wengi. Bomba la EACOP, lile la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani mkoani Tanga, ambalo kilomita 1,147 zake ziko kwetu, limepangwa kupitisha mapipa 216,000 kwa siku. Pipa moja likichomwa hutoa kilo zipatazo 430 za hewa ukaa, kwa hiyo mafuta yale kwa mwaka ni zaidi ya tani milioni 33. Andiko letu la 2021 linaahidi kupunguza tani kati ya milioni 138 na 153. Mtu akiweka namba hizi bega kwa bega atadhani zinagongana, kumbe kwenye daftari hazikutani kabisa, kwa kuwa utaratibu wa dunia ni kuandika moshi pale ulipotoka: Tanzania itaandika moshi wa kuyapasha joto mafuta na kuyasukuma tu, na aliyeyachoma mafuta yale ng'ambo ataandika wa kwake. Serikali inaposema bomba halivunji ahadi yetu, inasema kweli kwa mujibu wa daftari. Lakini mvua haisomi daftari, na wingu linalokosekana bondeni kwetu Usangu halitaulizwa lilipotelea nchi gani.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji (Ilula)

Ndugu mwanzisha uzi, salaam za Ilula. Nimeendesha lori la mafuta kwa miaka kumi na minne, Dar hadi Tunduma na mara nyingi kuvuka, kwa hiyo naomba niseme kile ninachokifahamu.

Mnaojadili bomba mkiwa mmekaa sebuleni mnasahau kwamba mafuta yasiyopita bombani yanapita Kitonga. Lori lililojaa linapopanda mlima ule injini huchemka kabla hujafika nusu, na usiku wa mvua unapanda ukiwa umeshikilia gia moja, mbele yako basi, nyuma yako mwenzako mwenye shehena ileile, na pembeni genge ambalo halina mwisho unaoonekana. Nimeona tangi likiwa limelala ubavu na dizeli ikitiririka kwenye mfereji wa barabara, na akina mama wakija mbio na madumu, watoto migongoni. Nilipiga kelele hadi sauti ikakauka, na mmoja akanijibu, "Baba, hii ni karo ya mtoto." Agosti 2019 Msamvu pale Morogoro tuliona mwisho wa jambo kama hilo: tangi lilipinduka, watu wakachota, moto ukalipuka, na waliokufa wakafikia 100. Kwa hiyo mimi bomba la pili ninalitaka, tena upesi. Ukiniambia lingoje tabianchi, nitakuuliza watu wa Kitonga wangoje nini.

Mwanzisha uzi

Shikamoo kaka mkubwa. Ushuhuda huu ni mzito na sina nia ya kuupunguza, kwa maana katika jambo hili tuko upande mmoja.

Tuupe ushuhuda wako namba zake. Bomba la zamani, katika nguvu zake zote, lilikusudiwa kupitisha tani milioni 1.1 kwa mwaka. Kwa dizeli hizo ni kama lita bilioni 1.3. Ikiwa lori moja linabeba lita 38,000, basi ni safari zipatazo 34,000 kwa mwaka, au zaidi ya malori 90 kila siku yanayoondoka Dar yakiwa yamejaa na kurudi matupu, kila moja likichoma dizeli yake njiani. Kwa lita ileile inayofika Ndola, bomba linatoa moshi mdogo kuliko lori na haliui mtu Kitonga. Kama bomba la pili lingekuja na sharti kwamba mafuta yanayopita barabarani yahamie ndani yake, basi lingekuwa sehemu ya sera ya tabianchi, na mimi ningelitetea mbele ya yeyote.

Neno langu liko kwenye hilo "kama". Bomba linaweza kuyaondoa malori barabarani, na linaweza pia kuongeza mafuta juu ya yaleyale ya malori. Lipi litatokea hutegemea nauli itakayopangwa, nani ataruhusiwa kupitisha mafuta yake, na kama malori yatawekewa kikomo. Haya hayajulikani kwa kutazama chuma, yanajulikana kwa kusoma mkataba. Na kwenye mkataba Tanzania ni mwenye theluthi moja ikiwa hisa zitafuata mfano wa zamani, kwa hiyo tusilolisema mwanzoni hatutakuwa na kura ya kulisema baadaye.

Kuna la pili, ambalo wewe uliyeendesha lori utalielewa haraka. Bomba la kwanza lilijengwa kwa ajili ya Ndola, na kwa karibu miaka 50, tangu kiwanda cha Indeni kilipoanza kazi mwaka 1973, lilibeba mafuta ghafi, hivyo hakukuwa na kitu ambacho mtu wa Makambako au wa Mbeya angeweza kuchota katikati akakitumia. Mkuza wake umepita mashambani mwetu, tumekatazwa kujenga na kupanda miti juu yake, na tumetii, huku dizeli ya trekta zetu ikija kwa lori na bei kikomo ya EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, kwa Mbeya ikibeba gharama ya safari hiyo kila mwezi. Bomba la mafuta yaliyosafishwa linaweza kuwekewa bohari na mahali pa kupakulia Mbeya. Lisipowekewa, Kitonga kitaendelea kupandwa na malori ya mafuta ya Nyanda za Juu Kusini hata baada ya bomba la pili kukamilika, na watu wa Ilula hawatakuwa wamepona.

Mchangiaji (Mbeya mjini)

Mimi ni mwalimu wa sekondari na ninafuatilia mjadala huu kwa uchungu kidogo, naomba mnivumilie.

Bunge la Ulaya lilipitisha azimio Septemba 2022 kulilaumu bomba la Hoima hadi Tanga. Nililisoma nikiwa kwenye chumba cha walimu ambacho umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Bara letu lote halifikishi asilimia tano ya hewa ukaa inayotolewa duniani. Wanaotuhubiria wamejenga reli, hospitali na vyuo vyao kwa makaa ya mawe na mafuta, na Kanada hiyo uliyoitaja imechimba hadi leo na bado inapanua. Mkataba wa Paris wenyewe unakubali kwamba wajibu ni wa pamoja lakini haulingani. Sasa mwanzisha uzi, kwa nini mzigo wa kujiuliza maswali ya miaka 60 utwishwe sisi, tena sisi wa mkoani, wakati wanafunzi wangu wanahitaji ajira leo? Sioni ubaya wa kusema: sisi ni zamu yetu.

Mwanzisha uzi

Mwalimu, uchungu wako ni halali, na kuhusu haki ninakubaliana nawe neno kwa neno. Sijaandika uzi huu ili kumridhisha mtu yeyote Ulaya. Kama hoja ingekuwa kwamba Tanzania isimame ili tajiri aendelee, ningekuwa wa kwanza kuikataa.

Lakini tutazame jirani yetu, kwa kuwa yeye ndiye mteja wa bomba linalopita hapa. Kabla ya ukame wa 2024 Zambia ilikuwa ikipata zaidi ya asilimia 80 ya umeme wake kutoka kwenye maji. Msimu wa mvua wa 2023/24 ulikuwa mbaya, na tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema alitangaza ukame kuwa janga la kitaifa. Maji ya Bwawa la Kariba yakashuka, umeme ukawa wa saa chache kwa siku, na mwenye mgodi, mwenye mashine ya kusaga na mwenye saluni wote wakatafuta jenereta. Jenereta zinakunywa dizeli. Mahitaji ya dizeli ya namna hiyo huipa nguvu hoja kwamba bomba moja halitoshi. Yaani ukame ulioletwa na mvua iliyoharibika unazaa kiu ya dizeli, kiu inazaa bomba, na bomba litapeleka dizeli ya kuchomwa kwa miaka 60, katika dunia ambayo mvua yake inazidi kuharibika. Hakuna mzungu hata mmoja ndani ya mzunguko huo. Ni sisi na jirani yetu.

Sasa turudi nyumbani. Ahadi yetu ya kupunguza gesijoto kwa sehemu inaegemea umeme wa maji, na maji hayo kwa sehemu kubwa ni ya milima hii tunayoishi. Mtera na Kidatu ni maji ya Ruaha Mkuu, Kihansi ni maji yanayoteremka kutoka upande wa Mufindi na Udzungwa. Hata Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 linapokea maji ya Ruaha Mkuu, ingawa mengi zaidi yanatoka Kilombero. Mimi ni mkulima wa mpunga na kwa miaka tisa nimekuwa mweka kumbukumbu wa skimu yetu ya umwagiliaji. Kila asubuhi saa kumi na mbili na nusu ninasoma mti wa kupimia maji uliosimikwa kwenye banio. Namba nyekundu zimefutika hadi sentimita ya arobaini kwa kukwanguliwa na mchanga, kwa hiyo ninapima kwa kidole, nikiinamisha shingo kukwepa mwanga wa jua unaorudishwa na maji. Oktoba ya mwaka juzi niliandika sifuri siku kumi na saba mfululizo. Najua Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka kiangazi ndani ya hifadhi tangu 1993, na najua kwamba sisi wakulima wa Usangu pamoja na mifugo tunahusika, wala sitaki kulisingizia bomba kosa la mfereji wangu. Lakini mto ambao tayari tumeuchosha kwa mikono yetu hauna akiba ya kuuvumilia ukame mwingine unaotoka angani.

Kwa hiyo, mwalimu, sera ya tabianchi siyo kitu cha wageni tulichobandikwa. Kwetu ni maji ya banio la saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ni umeme wa chumba chako cha walimu. Nauliza maswali ya miaka 60 kwa sababu pete ya jikoni kwa mama imeshatimiza karibu miaka 60, na mimi ndiye ninayeishi ndani ya jibu la walioamua wakati ule.

Mchangiaji (Iringa)

Nashukuru kwa mjadala uliotulia. Nina sahihisho kuhusu Kanada, kwa kuwa nadhani mwanzisha uzi amepitiliza kidogo. Siyo kweli kwamba upande wote wa karatasi ulifutwa. Kilichoondolewa Aprili 2025 ni tozo iliyokuwa ikilipwa na mwananchi anaponunua mafuta ya gari au ya kupasha nyumba joto. Tozo ya kaboni kwa viwanda vikubwa ilibaki. Kwa hiyo hitimisho kwamba masharti ya tabianchi hudondoka yote siyo sahihi.

Pili, hapa kwetu tayari tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kuna Tathmini ya Athari kwa Mazingira kwa kila mradi mkubwa, na NEMC, baraza la taifa la mazingira, wapo. Je, unataka nini zaidi ya kilichopo?

Mwanzisha uzi

Ndugu yangu wa Iringa, sahihisho lako ni la kweli na ninalipokea, nilipaswa kulitenganisha. Ila tazama nini kilibaki na nini kilikwenda. Tozo iliyokuwa ikionekana kwenye risiti ya mpiga kura ilikwenda. Tozo iliyofungwa kwenye kiwanda chenyewe, pale moshi unapotoka, ilibaki. Naona sahihisho hilo linaisukuma hoja yangu mbele kuliko nilivyoiandika mwanzo: sharti likishikamana na mtambo lina nafasi ya kuishi muda mrefu kama mtambo.

Kuhusu sheria yetu, ni sheria nzuri na sijaikosoa. Lakini tathmini ya mradi huuliza kama bomba litavuja, litakata mto wapi, litahamisha nani, na fidia ni kiasi gani. Ni maswali ya lazima, ila hayafiki kwenye swali la kama nchi inahitaji kufunga mkono wake kwa miaka 60. Sheria ileile ya 2004 ina kitu kingine kinachotajwa kwa nadra, nacho ni Tathmini Mkakati ya Mazingira, inayohusu sera, mipango na programu badala ya mradi mmoja mmoja. Hapo ndipo bomba la pili la Ndola, bomba la Hoima hadi Tanga, umeme wa maji na ahadi ya 2030 vinaweza kuwekwa juu ya meza moja. Ombi langu la kwanza ni hilo, na lifanyike kabla ya mkataba kusainiwa, kwa kuwa tathmini inayofanyika baada ya saini hugeuka kuwa kazi ya kutafuta maneno ya kuhalalisha.

La pili ni tozo, na hapa hatuna haja ya kuiga Kanada kwa sababu tunao mfano wetu wenyewe. Kwenye kila lita ya mafuta tunayonunua kuna fedha ya Mfuko wa Barabara na kuna fedha ya Mfuko wa Nishati Vijijini. Tunalalamika bei ikipanda, lakini nguzo za REA, wakala wa umeme vijijini, zimefika hadi kitongoji cha mwisho cha kijiji chetu, na zimefika kwa sababu fedha yake ilifungwa kwenye lita, haikungoja huruma ya bajeti. Mafuta yanayopita kwenda nchi nyingine hayalipi tozo hizo za ndani, kwa hiyo kwenye bomba la pili itabidi iwe sehemu ya nauli yenyewe ya kusukuma: kiasi kidogo kwa kila lita, kiandikwe kwenye mkataba wa nchi mbili, na kiende kwenye vyanzo vya maji ambavyo bomba linavivuka. Bodi ya Maji ya Bonde la Rufiji ipo, jumuiya za watumia maji zipo, mipaka ya mabonde inajulikana. Kinachokosekana ni fedha isiyokatika. Nimehudhuria vikao ambavyo mpango wa kukarabati mabanio ulisomwa vizuri sana, na kikao cha mwaka uliofuata kikasoma mpango uleule, neno kwa neno, kwa sababu fungu halikutoka.

La tatu ni gumu zaidi kisiasa. Kibali cha bomba kiwe na umri. Dizeli inayopita kwenye bomba la tani milioni 1.1, ikichomwa, ni kama tani milioni 3.5 za hewa ukaa kwa mwaka, na bomba kubwa zaidi litazidi hapo. Hizo zitaandikwa kwenye daftari la Zambia, sawa, lakini nchi hizi mbili zinagawana mvua, na zinaweza kukubaliana kwamba kila baada ya miaka kumi wanakaa, wanapima kama mahitaji bado yapo au yamehamia kwenye umeme, na wanaamua upya kiasi cha kupitisha. Mwekezaji hapendi sharti la namna hii kwa sababu linamnyima uhakika wa fedha yake. Ninamwelewa. Lakini uhakika wake ukiwa wa miaka 60, wa kwangu wa maji unakuwa wa msimu hadi msimu, na sioni kwa nini mmoja wetu alindwe na mkataba na mwingine aachiwe dua.

Kuna pia suala la watu wa mkuza, na nitaligusa kwa ufupi kwa kuwa linastahili uzi wake. Baba alipochimba mtaro ule aliambiwa ardhi ni ya taifa, akakubali. Vigingi vipya vikija safari hii, tathmini na malipo vifanyike pamoja. Kule kwenye njia ya Hoima hadi Tanga wako waliofanyiwa tathmini mwaka 2018 wakasubiri miaka kadhaa kabla ya kulipwa, huku wakiwa hawajui kama wapande mazao ya kudumu au wasipande.

Mchangiaji (Ilula)

Nimesoma yote. Hilo la bohari ya Mbeya na kikomo cha malori ninaliunga mkono, na hilo la nauli pia. La kibali chenye umri sijashawishika bado, ninaogopa wenye fedha watakimbia na sisi tutabaki na Kitonga chetu. Lakini naomba jambo moja la vitendo: wakija kuitisha mikutano ya wadau, huwa wanaifanya makao makuu ya wilaya, siku ya kazi, na sisi wa barabarani tunasikia redioni baada ya siku mbili. Nani atatuambia?

Mwanzisha uzi

Kaka, kuhusu kibali chenye umri tutaendelea kubishana, na ninapenda tubishane nikiwa na mtu aliyepanda Kitonga na shehena.

Kuhusu mikutano: sheria inatupa haki ya kushirikishwa kwenye tathmini na kutoa maoni kwa maandishi, kwa hiyo asiyeweza kufika anaweza kuandika. Hapa Igurusi tumekubaliana na viongozi wa skimu kwamba tangazo lolote kuhusu bomba libandikwe kwenye ubao wa banio, ambako kila mkulima hupita siku ya zamu yake ya maji. Nami nitaliweka hapa kwenye uzi siku hiyohiyo. Wa Ilula, Mafinga, Makambako, Mbalizi na Vwawa, kila mmoja ataje ubao wake ulipo, ili tusigawanyike pale tutakapotakiwa kusema. Rasimu ya barua ya maombi haya matatu pamoja na bohari ya Mbeya nimeianza. Anayetaka kuongeza hesabu au kusahihisha, aweke hapa chini kabla ya mwisho wa mwezi.